Tathmini ya WhatsApp Business: inapomshika mteja na inapomkimbiza

Programu ya WhatsApp Business ilitoka Januari 2018, ni ya bure, na kwa kuitazama haipishani sana na WhatsApp ya kawaida. Ndiyo maana wenye biashara wengi huipakua, huweka nembo mahali pa picha, kisha huitumia kwa kazi moja tu: kurusha matangazo. Kwa kazi hiyo programu hii ni dhaifu, na sababu zake zinaelezwa hapa chini. Nguvu yake iko kwenye kukumbuka: nani aliulizia nini, nani hajamalizia malipo, nani aliambiwa "kesho nitakujulisha" na kesho imeshapita. Anayetafuta uhusiano na wateja kupitia mitandao ya kijamii aipime kwa jambo hilo, na sisi tumeipima hivyo.

Kabla ya kusajili namba

Namba moja haikai kwenye programu mbili. Ukisajili namba kwenye WhatsApp Business, ile ya kawaida iliyokuwa na namba hiyo inafungwa na mazungumzo yake yanahamia upande wa pili. Kwenda ni rahisi, kurudi kuna usumbufu, kwa hiyo usiijaribu kwa namba yako binafsi "kuona tu ilivyo". Fanya nakala rudufu kwanza, kisha sajili.

Laini ya biashara iwe ya peke yake na isajiliwe kwa jina la mwenye biashara. Ikiwa kwa jina la mfanyakazi, siku akiondoka ameondoka na wateja. Tena kuna mtego ambao wengi hawauoni: baada ya kusajili, WhatsApp haihitaji laini iendelee kuwa ndani ya simu. Basi laini inatupwa kwenye droo, haiongezwi salio, kampuni ya simu inaifunga na baadaye kumpa mtu mwingine namba hiyo. Kila kitu kinaendelea kufanya kazi mpaka simu inapoharibika au kuibiwa. Hapo unanunua simu mpya, unaomba namba sita za uthibitisho, na zinatumwa kwenye laini isiyokuwa yako tena. Itumie laini hiyo kupiga simu au kuweka salio mara kwa mara, hata kama ni kidogo.

Siku hiyohiyo washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Wezi wa akaunti hawavunji mfumo, wanaomba tu: "Samahani, kuna namba sita nimezituma kwako kimakosa, naomba unisomee." Ukimsomea bila kuwa na hiyo namba ya siri, akaunti imekwenda, na muda si mrefu wateja wako wataanza kuombwa pesa kwa jina lako.

Salamu zinazojituma zenyewe

Ujumbe wa salamu hutumwa mtu anapokuandikia mara ya kwanza, au anaporudi baada ya siku 14 za kimya. Hilo la pili ndilo linaloharibu. Mteja wa miaka mitatu akikaa wiki tatu bila kuandika, anapokelewa na "Asante kwa kututafuta kwa mara ya kwanza!" kama mpita njia. Dawa ni kuingia kwenye mpangilio wa wapokeaji na kuchagua salamu iende kwa wasio kwenye orodha yako ya majina peke yao. Dawa hiyo inafanya kazi iwapo wateja wako umewahifadhi kwa majina, jambo tutakalolirudia.

Salamu yenyewe iwe na vitu vitatu: unataka mteja akuandikie nini, utajibu baada ya muda gani, na siku gani upo. "Karibu. Tuandikie kitu unachohitaji na saizi au modeli yake. Tunajibu ndani ya saa moja, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni." Inatosha. Salamu zenye mistari kumi, emoji na historia ya kampuni hazisomwi, na mteja anaishia kuuliza swali lilelile ambalo jibu lake liko mstari wa saba.

Ujumbe wa kutokuwepo unaweza kuuweka utumwe muda wote, kwa ratiba maalumu, au nje ya saa za kazi. Hiyo ya mwisho inasoma saa ulizoandika kwenye wasifu wa biashara, hivyo ukiacha wasifu wazi haina pa kusoma. Andika kwa mtindo wa programu: saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Ukijichanganya hapo ukaandika 02:00 hadi 12:00, mteja wa saa nane mchana ataambiwa mmefunga.

Kasoro yake kubwa ni kwamba ujumbe huu hauendi kama simu haina intaneti. Anayezima data usiku ili kuokoa bando anadhani wateja wanajibiwa akiwa amelala. Hawajibiwi. Ukiwasha data asubuhi, meseji zote zinaingia kwa mkupuo, na mteja wa saa tano usiku amekwishanunua kwingine.

Majibu ya haraka

Haya ni majibu unayoyaandika mara moja na kuyatumia tena na tena. Unaruhusiwa kuhifadhi hadi 50, na kila moja unaliita kwa mkwaju na neno fupi: /bei, /ramani, /malipo, /muda, /kurudisha. Namna nzuri ya kuyapata ni kupitia mazungumzo ya wiki mbili zilizopita na kuandika pembeni kila swali lililoulizwa zaidi ya mara tatu. Katika biashara nyingi orodha hiyo haifiki hata dazeni. Anayeanza na majibu 50 husahau majina yake na kurudi kuandika kwa mkono.

Jibu la bei ndilo linalostahili kazi zaidi. Bei tupu inaua mazungumzo, kwa sababu mteja hana la kuuliza tena zaidi ya "mwisho ngapi?". Andika bei, kilichomo ndani yake, kisichomo (usafirishaji, ufungaji, marekebisho), muda wa kukamilika, kisha swali moja jepesi kujibu: "Ungependa ya saizi gani?" au "Tukuletee au utapita mwenyewe?" Swali la mwisho ndilo linalomfanya aandike tena.

Ukichagua jibu la haraka, maandishi yanakaa kwanza kwenye sehemu ya kuandikia, hayatumwi mpaka ubonyeze. Tumia nafasi hiyo. Ongeza juu yake sentensi moja ya mkono wako yenye jina la mteja na jambo lake, "Neema, ile ya bluu bado ipo", kisha bandiko lifuate. Bila sentensi hiyo mteja anatambua mara moja kwamba amebandikiwa, hasa kama aliuliza mambo mawili na bandiko limejibu moja. Hapo ndipo hasira nyingi za wateja mtandaoni zinapoanzia: wanajibiwa upesi, lakini si kile walichouliza.

Lebo

Kama tungelazimishwa kubakiza kipengele kimoja cha programu hii, tungebakiza lebo. Ni rangi zenye majina unazobandika kwenye mazungumzo, hadi 20. Programu ilitoka na tano zilizotengenezwa tayari: mteja mpya, oda mpya, malipo yanayosubiriwa, amelipa, oda imekamilika. Hizo zinafuata safari ya oda tu. Uhusiano na mteja unavunjikia kwenye ahadi, na kwenye zile tano hakuna hata moja ya ahadi.

Seti inayofanya kazi vizuri zaidi ni hii: Anasubiri jibu letu. Ameahidiwa tarehe. Hajamalizia malipo. Mzigo uko njiani. Lalamiko. Amenunua zaidi ya mara moja. Sita zinatosha kwa duka dogo. Kanuni ya kuzichagua ni kwamba kila lebo ikudai ufanye kitu. Lebo kama "Mteja mzuri" haikudai chochote, kwa hiyo itajaa na kusahaulika. Hiyo ya sita imeponea kwa sababu utaihitaji wakati wa kutuma habari ya mzigo mpya, na programu inakuwezesha kuandikia kwa mkupuo wote wenye lebo moja.

Kila siku kabla ya kufunga, fungua lebo ya kwanza na usiondoke mpaka iwe tupu. Hata jibu la "bado sijapata uhakika kutoka kwa msambazaji, nitakwambia kesho mchana" linahesabika, mradi mazungumzo yahamie kwenye "Ameahidiwa tarehe". Kesho yake mchana anza na lebo hiyo. Kwa biashara yenye mazungumzo 20 au 30 kwa siku, robo saa inatosha, na kwa mtazamo wetu robo saa hiyo inaleta faida kuliko mabango yote ya mwezi.

Shida ya lebo ni kwamba haziondoki zenyewe. Mazungumzo yanaweza kubeba lebo kadhaa kwa wakati mmoja, na mtu mwenye haraka huongeza mpya bila kutoa ya zamani. Baada ya miezi miwili mteja mmoja "anasubiri jibu", "amelipa" na "ana lalamiko" kwa pamoja, na hakuna anayeamini lebo tena. Mzoeshe kila anayeshika simu: toa kwanza, ndipo uweke.

Lebo pia hubandikwa kwenye ujumbe mmoja badala ya mazungumzo mazima. Hii haijulikani sana, nayo ni hazina. Ujumbe wenye vipimo, anwani, au namba ya modeli ubandike lebo yake. Mteja akirudi baada ya miezi minane huhitaji kumwomba vipimo upya.

Kwenye kuhifadhi majina, jina la kwanza halitoshi. Una akina Fatuma wangapi? Hifadhi kwa mpangilio mmoja usiobadilika: jina, kitu, mwezi wa kwanza. "Fatuma – magauni – 03/24". Ukitafuta "magauni" wanatokea wote.

Katalogi

Katalogi ni orodha ya bidhaa zako ndani ya programu. Inabeba hadi bidhaa 500, kila moja na picha hadi 10, bei, maelezo na namba ya utambulisho. Mteja anaweza kuweka vitu kwenye kikapu na kukutumia, ila kikapu hicho ni ujumbe wenye orodha tu. Hakikati stoo na hakithibitishi kwamba umelipwa. Bidhaa mpya hukaguliwa kabla ya kuonekana, na zile zinazokatazwa na sera ya biashara ya Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, kama pombe, tumbaku, silaha na wanyama, zitakataliwa hata kama biashara yako ni halali kabisa.

Weka bidhaa chache zinazopatikana kila siku. Katalogi ya vitu 200 ambavyo nusu yake vimekwisha humfundisha mteja kutoiamini, na anarudi kwenye "hii ipo?". Kitu kikiisha kifiche badala ya kukifuta, maana ukikifuta utaanza upya na picha na maelezo. Kuhusu picha: moja ya kitu kizima, moja ya karibu inayoonyesha mshono, plagi au maandishi ya modeli, moja ikiwa na kitu cha kupimia ukubwa. Picha zilizookotwa kwenye intaneti ndizo chanzo cha "siyo hii niliyoiona".

Matangazo, na kwa nini hayafiki

Orodha moja ya matangazo inabeba watu 256, na kila mmoja anapokea kama ujumbe wake binafsi. Hadi hapo ni vizuri. Sharti lake ni kwamba mpokeaji awe amehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyekuhifadhi hapokei, na programu haikuambii waziwazi. Unaona tiki moja tu kwenye taarifa ya ujumbe. Wapo wenye orodha nne zilizojaa wanaodhani wanawafikia watu elfu moja, kumbe hata robo hawafiki. Stetasi ina sharti gumu zaidi: lazima nyote wawili muwe mmehifadhiana namba. Ukiona watazamaji ni wachache, tatizo kwa kawaida liko hapo kabla ya kulaumu picha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhifadhiwa, nayo inahitaji sababu. "Tafadhali hifadhi namba yetu" haimpi mteja chochote. Mtumie kadi ya mawasiliano ya biashara mara tu baada ya kununua, pamoja na sababu inayomgusa: "Hifadhi namba hii, mzigo ukitoka tutakutumia taarifa kupitia hapa." Wakati huo anakuhitaji, na kadi inahitaji kubonyezwa mara chache tu.

Ukishahifadhiwa, usiichezee nafasi hiyo. Watu wengi wakikuzuia au kukuripoti, WhatsApp inaweza kufunga akaunti, na rufaa unayoomba ndani ya programu haina uhakika wa kukubaliwa. Tunapendekeza matangazo mawili kwa mwezi, yagawanywe kwa lebo ili aliyenunua viatu asipelekewe habari za mapazia, na kila moja liwe na mlango wa kutokea: "Ukiona hazikufai, jibu HAPANA, tutakutoa." Kisha umtoe kweli. Usinunue orodha za namba. Watu hao hawajakuhifadhi, hivyo hawatapokea tangazo lako, na utakaowaandikia mmoja mmoja ndio watakaokuripoti.

Kundi si mbadala. Kwenye kundi kila mmoja anaona namba ya mwenzake, mshindani anaingia kimya na kunakili, na lalamiko moja linasomwa na wote. Chaneli inaficha namba, lakini mteja hawezi kukuandikia humo, kwa hiyo hutumika kama ubao wa matangazo tu.

Kurasa za wazi zinavyoingia hapa

Facebook, Instagram na TikTok ndizo zinazoleta watu. WhatsApp ndiyo inayowatunza. Kwenye ukurasa, anayeamua posti imfikie nani ni mtandao wenyewe, na akaunti ikifungwa huna namba ya mfuasi hata mmoja. Ndiyo maana kiungo cha wa.me, kinachomfungulia mteja mazungumzo na wewe moja kwa moja, chenye namba yako kuanzia na msimbo wa nchi bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo, kinapaswa kuwa kwenye kila wasifu. Unaweza kukiambatanisha na maneno ya kuanzia, tofauti kwa kila mtandao, ili meseji ikiingia ujue mteja ametokea wapi bila kumuuliza.

Tabia moja tunaipinga bila kupepesa: "bei njoo inbox". Anayeuliza bei kwenye maoni ni mmoja, wanaosoma jibu ni wengi ambao hawataandika kamwe. Ukimjibu hadharani umewajibu wote. Ukimvuta pembeni, hao kimya wanahisi bei inategemea sura ya mtu, na wanapita. Yanayostahili kwenda faragha ni anwani, namba ya oda na malipo. Lalamiko lijibiwe kwanza hapohapo kwa sentensi mbili, kukiri jambo na kusema hatua inayofuata, ndipo undani uhamie faragha. Likishatatuliwa rudi uandike hapo kwamba limetatuliwa, kwa sababu maoni yaliyoachwa wazi yanaendelea kusomwa.

Wahudumu wengi, namba moja

Mbali na simu kuu unaweza kuunganisha vifaa vinne, na vinafanya kazi hata simu kuu ikiwa imezimwa, ila simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14 vinaondolewa. Mteja haoni nani amejibu. Matokeo yake wahudumu wawili humpa bei mbili, au kila mmoja hudhani mwenzake amejibu. Kila mhudumu amalizie ujumbe kwa herufi zake mbili, na mwenye lebo ya "Ameahidiwa tarehe" awe mmoja anayejulikana. Mfanyakazi akiondoka, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na utoe chake siku hiyo.

Takwimu za ndani ya programu ni nyembamba: ujumbe uliotumwa, uliofika, uliosomwa, uliopokelewa. Hazisemi kama mtu amenunua. Hesabu mwenyewe kila Jumamosi kwa namba tatu: walioulizia wapya, walionunua, na walionunua tena. Namba ya tatu ikiwa haisogei huku ya kwanza inapanda, matangazo yanafanya kazi na huduma haifanyi.

Ukifika mahali ambapo kila siku meseji za asubuhi zinajibiwa jioni hata kwa wahudumu watatu, programu hii imekuzidi. Hatua inayofuata ni jukwaa la kulipia la WhatsApp linalounganishwa na mifumo mingine. Sheria zake ni tofauti: mteja akikuandikia una saa 24 za kumjibu kwa uhuru, na baada ya hapo unaweza kumtumia tu ujumbe wa kiolezo, yaani ulioandaliwa na kuidhinishwa mapema, ambao kwa kawaida unalipiwa. Timu iliyozoea kujibu "kesho" italipia uzembe huo, hivyo zoea la lebo lianze kwenye programu ya bure kabla ya kuhama.